Daftari Lililoruka Zizi

Imekuwa ada katika vyuo vyetu kumpima mtafiti kwa wingi wa makala aliyoyachapisha na kwa idadi ya wenzake waliomtaja, na ada hiyo, ijapokuwa haikosi manufaa yake, haitujulishi kama mkulima aliyeandikwa habari zake amesogea hata hatua moja au amebaki palepale alipokuwa. Toleo hili, lililokusudiwa kuzungumzia matumizi ya antibiotiki katika tiba ya mifugo, lapendekeza mizani nyingine: maandishi ya mtaalamu yasomwe kwa mfuatano, ili ibainike njia aliyoipita, na pia mahali ambapo njia hiyo iliruka bila ya kukanyaga.

Mfano tulionao ni mwema. Mwaka 2001 E. S. Mitema wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Kikuvi, Wegener na Stohr, alichapisha hesabu ya antibiotiki zilizotumiwa nchini Kenya kwa wanyama wa chakula kuanzia 1995 hadi 1999. Kazi hiyo haikudai maabara ya fahari. Waandishi walizipekua rekodi rasmi za Bodi ya Dawa na Sumu, na katika makaratasi ambayo pengine yangaliliwa na mchwa wakatoa wastani wa kilo 14,594 kwa mwaka, ambao asilimia 55 hivi yake ilikuwa tetrasaiklini. Aidha walidhihirisha kwamba matumizi ya dawa za jamii ya kwinoloni yalikuwa yakipanda.

Baada ya hapo majina ya Mitema na Kikuvi yakaonekana mbali na makabati ya serikali, yaani machinjioni: mwaka 2007, na tena 2010, walichapisha pamoja na Ombui uchunguzi wa Salmonella waliyoitoa katika wanyama waliochinjwa, na wa usugu wa vimelea hao mbele ya dawa zilizozoewa. Kwa hiyo mwenye kuisoma orodha hiyo kwa insafu ataona hesabu mbili, ya kwanza ikieleza dawa iliyoingia nchini, na ya pili kijidudu kilichofika machinjioni pamoja na mnyama. Baina ya hizo mbili liko zizi, ambamo ndimo dawa inamokutana na damu ya mnyama, na humo daftari halikuingia. Hatuwalaumu wataalamu hao, kwa kuwa hakuna awezaye kusoma kisichoandikwa. Lawama ni yetu sote ambao hatukuandika.

Ili tulione zizi hilo, tuutazame mji wa Kianyaga, katika Gichugu ya Kirinyaga, ambako Mlima Kenya umewagawia watu chai upande wa juu na kahawa upande wa chini, na ambako ng'ombe wa gredi, walioenea katika mashamba ya Waafrika baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, hufungiwa bandani wakaletewa majani ya nepia. Zamani daktari wa mifugo alikuwa aghalabu mtumishi wa serikali. Tangu huduma hizo zilipoanza kuachiwa watu binafsi, katika miaka ya 1980 na 1990, shauri la tiba mara nyingi hutolewa juu ya meza ya agroveti, yaani duka la dawa za mifugo na pembejeo. Mfugaji aeleza kwamba kiwele kimevimba na maziwa yanatoka mabonge, muuzaji atoa chupa, fedha zapokewa, na kadhia imekwisha. Ni kiasi gani kilichodungwa, kwa siku ngapi, na kama maziwa ya siku za kungoja dawa iishe mwilini yalimwagwa au yalitiwa katika chai ya watoto, hakuna kalamu iliyoandika. Wala dawa haikomi kwenye mnyama, kwani sehemu ya tetrasaiklini hutoka katika mkojo na kinyesi ingali na nguvu yake, na samadi hiyo hurudishwa kwenye kahawa na mboga, katika ardhi ambayo maji yake huteremka kwa mito ya Thiba na Nyamindi hata mashamba ya mpunga ya Mwea.

Yuko atakayesema kwamba mkulima mwenye ng'ombe wawili hawezi kutwishwa mzigo wa daftari. Hoja hii ina sura ya huruma lakini haina ithibati, kwa maana mkulima huyo huyo hapeleki kilo moja ya majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai pasipo kupimiwa na kuandikiwa risiti. Kinachouzwa huandikwa, kinachodungwa hakiandikwi. Denmark, nchi ya Wegener, tangu 2000 imekuwa na daftari liitwalo VetStat, lipokealo habari za dawa kutoka kwa wauza dawa na madaktari wa mifugo, zikitaja hata shamba lililotumia. Na mwenye kuandika hasa ni yule aliyeitoa dawa. Kenya nayo iliweka sera ya kitaifa juu ya usugu wa dawa mwaka 2017, na sera isiyo na daftari ni nia njema tu.

Basi rai yetu ni hii: kila agroveti na kila daktari aandike mnyama, maradhi, dawa, kipimo na siku za kungoja, nakala moja abaki nayo mfugaji na nyingine imfikie afisa wa mifugo wa kaunti, na vyuo viihesabu kazi ya kulijenga na kulitunza daftari hilo sawasawa na makala yaliyochapishwa ng'ambo. Kijana atakayetumia miaka mitano Gichugu akikusanya hesabu hizi huenda akatoka na makala mawili, na kwa mizani ya leo atanyimwa cheo. Huyo ndiye tungependa apandishwe kwanza, kwa sababu pasipo kazi yake makala mia ya wenziwe yataendelea kukisia tu yaliyotokea baina ya forodha na machinjio.