Masafa ya simu yapimwe hadi Lowarengak

Utafiti uliofanyiwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mwaka 2016 ulionyesha kuwa mawimbi ya simu yaliwafikia asilimia 94.4 ya Wakenya, ilhali yalifunika asilimia 45 tu ya ardhi ya nchi. Tarakimu hizo mbili zinaeleza masaibu ya kaunti kama Turkana, yenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na, kwa sensa ya 2019, watu 926,976. Kampuni ikipewa leseni kwa sharti la kufikia asilimia fulani ya watu, itasimamisha minara Nairobi, Nakuru na Kisumu, iongeze Lodwar na Kakuma, na hesabu itimie kabla haijafika Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana. Mvuvi aliye katikati ya ziwa hilo na mfugaji aliyehama kufuata mvua hawamo kabisa katika hesabu hiyo, kwani sensa humhesabu mtu alipolala, nao huihitaji simu zaidi wakiwa mbali na hapo.

Kenya imezoea kugawa masafa ya simu kwa bei iliyopangwa na mdhibiti; yale ya 4G ya megahezi 800 yaliuzwa kwa dola milioni 25 kwa kila kampuni. Tanzania ilipiga mnada mwaka 2018 na tena 2022, na naamini Kenya ifanye vivyo hivyo, kwa kuwa mnada humfanya kila mmoja atoe dau lake mbele ya wenzake. Lakini mnada hutii kanuni ulizopewa. New Zealand mwaka 1990 iliamua mshindi alipe dau la aliyemfuata, ikasahau kuweka bei ya chini, na kampuni moja iliyotaja dola 100,000 za huko ikalipa dola 6. Uingereza mwaka 2000 ilivuna pauni bilioni 22.5, mapato ambayo mawaziri wa fedha wengi bado wanayatamani, ingawa fedha zikishaingia Hazina hazijengi mnara popote. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Sweden. Mwaka 2011 iliweka mnadani fungu moja la megahezi 800 kwa sharti kwamba dau lake, hadi kroni milioni 300, litumike kufikisha huduma kwenye makazi yasiyo na mtandao. Ujerumani nayo, mwaka mmoja kabla, iliwataka washindi waanze na vijiji na miji midogo ndipo waende miji mikubwa. Masafa ya chini kama hayo husafiri mbali, kwa hiyo nchi tambarare yenye watu wachache ndiyo inayoyahitaji kuliko jiji.

Wapo watakaosema tayari kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa asilimia 0.5 ya mapato ya kampuni. Mfuko huo ni wa lazima, ila huja baada ya kampuni kumiliki masafa ya nchi nzima, yakiwemo yale isiyoyatumia na ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyagusa. Leseni iseme wazi kuwa masafa yasiyotumika katika eneo kwa muda uliowekwa yatapewa mwingine, hata kama ni mtandao mdogo wa jamii. Kampuni nazo zitalalamikia dizeli, barabara na usalama, na madai hayo yana uzito. Hapo mnada ugeuzwe: anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye ashinde kazi. Chile ilifanya hivyo na simu za umma vijijini miaka ya 1990, na baadhi ya kampuni ziliomba sifuri. Nayo hofu kwamba kampuni kubwa itayachukua masafa yote mnadani hutibiwa kwa kuweka kikomo cha masafa ambayo kampuni moja inaweza kushika.

Yote haya yaandikwe kabla dau la kwanza halijatajwa, na maeneo yatajwe kwa majina: Lowarengak, Todonyang, Lokitaung, na barabara inayoyaunganisha na Lodwar, pamoja na maji ya ziwa wanakovua watu. Leseni ikishatolewa kwa miaka mingi, serikali haina tena cha kuishurutisha kampuni.