Fundi, tuonyeshe kipumulio kwanza!

Bihambwe, Masisi. Ninyi mama na papa ambao vita iliwatoa makwenu, leo siandiki juu ya risasi wala juu ya bei ya maharagwe. Naandika juu ya kitu kidogo kama kidole gumba ambacho kinalaza watu wetu njiani.

Munajua inavyokuwa. Gari inatoka Sake imejaa watu, magodoro, mifuko ya unga na kuku. Inaanza mupando wa kuelekea Mushaki. Katikati ya mulima inatoa moshi wa bluu, mafuta ya injini yanamwagika chini, halafu inazimika. Shofere anafungua boneti, anatikisa kichwa: "Injini imekufa." Abiria wanashuka. Nauli hairudishwi. Mama mwenye mutoto mugongoni anaendelea kwa miguu, ao analala kando ya barabara. Na usiku wa barabara hii kila mutu anaujua.

Tangu kambi za Bulengo na Lushagala zilipobaki tupu Februari 2025, familia nyingi zilipanda njia hii zikirudi Masisi, na wengine walikimbia tena. Mutu aliyeuza sufuria yake ya mwisho ili apate nafasi ndani ya gari hawezi kulipa mara mbili. Ndiyo sababu nasema: injini ya gari ya abiria si siri ya shofere na fundi peke yao. Sisi tunaolipa tuna haki ya kuuliza.

Tuuliza nini? Ndani ya injini, moto unasukuma pistoni. Sehemu ndogo ya ule moshi inapita kando ya pete za pistoni na kushuka kwenye karteri, kule mafuta yanakaa. Hata injini mupya inafanya vile. Moshi huo una mvuke wa maji, esanse ambayo haikuungua, na masizi. Usipotoka, unageuza mafuta kuwa matope meusi, na presha yake inatafuta pa kutokea. Zamani waliutoa inje kwa tiyo tu, ukaenda hewani. Katika miaka ya 1960, kuanzia California, Marekani, magari yalianza kulazimishwa kuurudisha ndani ya injini ili uungue. Kinachopima njia hiyo ni vali ndogo yenye springi ndani. Mimi nakiita kipumulio.

Kipumulio kikiziba, presha inasukuma raba zinazozuia mafuta mpaka zinavuja, fimbo ya kupimia mafuta inaruka, chujio cha hewa kinalowa. Kikikwama wazi, injini inakunywa mafuta, inatoa moshi wa bluu, na inatetemeka gari ikiwa imesimama. Dalili hizo zote, fundi wa haraka anazipa jina moja: "Pete za pistoni zimekwisha." Anafungua injini yote, anamaliza pesa ya mwenye gari, anarudisha vyuma, na kipumulio kilichoziba kinabaki palepale. Siku chache tu, mafuta yanamwagika tena. Na mwenye gari anatafuta pesa yake wapi? Kwenye nauli yetu.

Milima yetu inaongeza shida. Huku ni baridi, na gari inaweza kukwama kwenye matope muda mrefu, injini ikinguruma bila kwenda. Mvuke unageuka maji. Ukifungua kifuniko cha kutilia mafuta unakuta utelezi mweupe kama maziwa. Katika hali hiyo kipumulio kinachafuka mbio, na kingetakiwa kuangaliwa kila wakati wa kubadilisha mafuta.

Wabaya zaidi ni wale wanaokiziba kwa kusudi. Wanaona tiyo inatoa mafuta, wanapiga kipande cha muti ao boluti ndani, wanasema "nimetengeneza." Wengine wanang'oa tiyo na kuacha tundu wazi, na injini inavuta vumbi la barabara bila chujio. Huo si ufundi. Ni kuficha ugonjwa mpaka mugonjwa afie mulimani na watu mugongoni.

Kukipata si kazi ngumu. Kwenye gari nyingi za Toyota za esanse kiko juu, kwenye kifuniko cha juu cha injini, kimeingizwa ndani ya raba ao kimekazwa kwa nyuzi. Tiyo moja inatoka kwake kwenda kule injini inavuta hewa. Kama kimeingizwa kwenye raba, washa injini, weka mikono mbali na feni na mukanda, kichomoe tiyo ikiwa bado imeshikwa, uweke kidole kwenye tundu lake. Unapaswa kusikia kinavuta. Kisipovuta, tiyo ao vali imeziba. Zima injini, kitoe, kitikise: kinapaswa kugonga ndani. Kikinyamaza, kimekwisha.

Kukibadilisha: acha injini ipoe, safisha ao badilisha tiyo, angalia raba kama imepasuka, weka kipya cha injini ileile. Usiweke kinachofanana tu, maana springi yake imepimwa kwa injini yake. Wala usikigeuze upande, kwa sababu kinapitisha kuelekea upande mumoja. Baada ya hapo, kama moshi mwingi bado unasukuma kwenye kifuniko cha mafuta, ndipo fundi aseme habari ya pete, nasi tutamusikiliza.

Injini nyingi za zamani za mazutu hazina vali hiyo ya springi, zina tiyo tu. Basi tiyo ikaguliwe. Hata pikipiki inayokupeleka Rubaya ina tiyo ya kupumulia inayotoka kwenye injini. Ikipindwa ao ikijaa matope, ni shida ileile.

Wataniambia: "Barabara ndiyo mbaya." Kweli, ni mbaya, na nimeandika hivyo mara nyingi. Lakini barabara haikupiga kipande cha muti ndani ya tiyo. Wengine watasema: "Piese hazifiki huku." Basi mwenye gari anayeshuka Goma kutafuta matairi atafute na hiki, maana bei yake ni ndogo mbele ya kufungua injini yote. Na wengine: "Wewe si fundi." Sawa. Mimi ni abiria niliyelala mulimani, na kidole cha kuweka kwenye tundu ninacho.

Kwa hiyo, mafundi wetu, hakuna kufungua injini kabla ya kumuonyesha mwenye gari kipumulio mukononi. Mashofere, hakuna kupakia watu wakati mafuta yanatona chini. Na gari ikifa njiani, murudishe nauli ya sehemu iliyobaki. Wenye magari, mulipe kitu kidogo leo. Na ninyi abiria, kabla ya kutoa pesa, muangalie chini ya injini. Mukiona dimbwi la mafuta, muulize kwa sauti, wote wasikie: kipumulio kilikaguliwa lini?

Mwandishi wenu, Bihambwe.