Maji ya misheni Kitui: Ni sadaka au ni chambo?

Kila kiangazi kinapokaza Ukambani, huku pwani huzuka maneno yale yale barazani. Mmoja husema makanisa yamekwenda kuwachimbia watu maji ili wapate kuwabatiza. Mwingine humwuliza, "Na sisi tumechimba visima vingapi?" Hapo mazungumzo hukatika, vikombe vya kahawa hurudishwa, na kila mtu huenda zake. Leo nimeona tuyachukue mazungumzo hayo pale yanapokatikia, kwani shutuma ile ina sehemu ya ukweli, na swali lile pia lataka jibu.

Kwanza yafaa tujue kwamba njia ya Injili kwenda Kitui ilianzia hapa kwetu. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaweka kituo chake Rabai mwaka 1846. Mwaka 1849 aliandamana na njia ya wafanya biashara wa Kikamba, wale waliokuwa wakileta pembe za ndovu pwani, mpaka Kitui kwa tajiri wao Kivoi. Huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Aliporudi mara ya pili, mwaka 1851, msafara ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akajikuta peke yake nyikani hana chakula wala maji.

Mwenyewe amesimulia jinsi alivyookoka. Alifika kwenye mto mkavu akakuta shimo ambalo kima walikuwa wamelifukua mchangani, na ndani yake mna maji. Alikunywa, kisha akajaza alichokuwa nacho: pembe ya baruti, mfuko wa darubini yake, hata mitutu ya bunduki. Basi mtu aliyekwenda Ukambani kufundisha, jambo la kwanza alilofundishwa na nchi ile ni kwamba maji ya Kitui hukaa chini ya mchanga. Wakamba walilijua hilo tangu zamani. Waliomfuata Krapf iliwachukua miaka mingi kulielewa.

Baada yake walikuja wengine. Walutheri wa Kijerumani walijenga kituo Ikutha, kusini ya Kitui, katika miaka ya 1890, na kingine Mulango karibu na mji wa Kitui. Mwaka 1895 Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake Nzaui, ambayo leo imo katika Makueni. Ikaja njaa kuu ya miaka 1898 na 1899, ile ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Vituo vya misheni vikawa mahali pa kukimbilia tumbo linapouma. Wakatoliki nao walikuja kushika nguvu kwa mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Mmoja wao, William Dunne, alikuwa askofu wa Kitui kwa muda wa miaka 30 hivi. Aliyeshika nafasi yake, Boniface Lele, ndiye yule yule aliyeletwa Mombasa mwaka 2005 kuwa Askofu Mkuu. Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba mambo ya Kitui ni ya mbali na sisi.

Ama kuhusu maji yenyewe, Kitui ni nchi ya takriban kilomita za mraba 30,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 1.1. Mvua huko ni mbili kwa mwaka, na ile ya vuli, ya Oktoba mpaka Desemba, ndiyo inayotegemewa zaidi. Ikikosa kunyesha, mambo huharibika. Na kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu ilikosa mfululizo mpaka mwaka 2022 ukaisha. Mito kama Tiva na Thua hufurika siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Visima virefu navyo si dawa ya kila mahali, kwa maana vingi hutoa maji ya chumvi, na mashine ikiharibika kijiji hurudi pale pale kilipokuwa.

Katika hali hiyo ndipo ilipopata umaarufu kazi ya mabwawa ya mchanga. Namna yake ni hii. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto mkavu, pale penye mwamba chini. Mvua inaponyesha, mto huleta maji pamoja na mchanga. Mchanga huzuiliwa na ukuta ukajaa msimu baada ya msimu, na maji yakajificha katikati ya chembe zake. Katika mchanga uliojaa, robo au zaidi yaweza kuwa ni maji. Jua haliyafikii sana, mbu hawana pa kutagia, na mchanga wenyewe huyachuja. Ni shimo lile la kima wa Krapf, isipokuwa sasa limejengewa ukuta.

Mabwawa haya yalianza kujengwa Ukambani wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, yakasahauliwa. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, upande wa Machakos, waliifufua kazi hiyo kuanzia mwaka 1978, na miongoni mwa waliowaunga mkono ni shirika la misaada la Wakristo wa Mennonite. Kitui penyewe shirika la SASOL, lililoanzishwa katika miaka ya 1990 na ambalo si la kanisa, limejenga mabwawa ya namna hii kwa mamia. Jimbo Katoliki la Kitui nalo lina mpango wake wa maji: visima, matangi ya shule, na kuta za kukinga maji yanayoteremka juu ya majabali.

Hapa wasomaji watauliza: sasa hiyo dini inaingia wapi? Inaingia, na tusijidanganye. Mwenye kuleta saruji hufuatana na sala. Mkutano hufunguliwa kwa dua ya Kikristo, na jina la aliyetoa huandikwa ukutani. Ng'ambo mambo yamesogea mbele zaidi. Huko Australia, tangu miaka ya 1970, wako vijana Wakristo waliofanya mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao kuwa njia ya kuwavuta wenzao, na umoja wao umeenea nchi nyingi. Naye Jon Rose, mpanda mawimbi mashuhuri wa Marekani, baada ya tetemeko la ardhi la Sumatra mwaka 2009 alianza kupeleka vichujio vya maji katika vijiji vya pwani duniani. Lakini yeye hakuhubiri dini. Wako sasa wanaoyachanganya mawili hayo, wakashuka ufukweni ubao kwapani, kichujio mkononi, na Injili mfukoni. Kwetu mchezo huo tumekwisha uona Diani, Watamu na Malindi, mara nyingine ubao ukivutwa na tiara. Kijana wa pwani atakayefundishwa kupanda wimbi na mgeni mcheshi, mama yake akapewa na ndoo ya maji safi, je, hatamsikiliza mgeni huyo akianza kuzungumza mambo ya roho?

Atamsikiliza. Mvuvi yeyote ajua kwamba chambo kizuri ni kile ambacho samaki angekila hata kama hakuna ndoana. Lakini mimi naona tukiishia kwenye neno hilo "chambo" tutakuwa hatujalitazama jambo lote. Kuna vipimo viwili vinavyoweza kututenganishia sadaka na ndoana.

Cha kwanza: nani anashika ufunguo? Kisima chenye mashine, uzio na kufuli kina mwenyewe, na mwenyewe huyo aweza kumwambia mtu, bila ya kutamka neno, kwamba afadhali aonekane kanisani. Lakini bwawa la mchanga halina mlango. Nilipopita Kitui wakati wa kiangazi niliwaona akina mama wameinama mtoni, kila mmoja na kata yake, wakichota kwenye vishimo walivyofukua wenyewe. Alikuwapo aliyejifunga leso kichwani kwa namna ya Kikamba, na alikuwapo aliyevaa buibui, maana Kitui mjini Waislamu wapo na misikiti ipo. Sikumsikia yeyote akiulizwa anaswali wapi. Maji yakikaa chini ya mchanga wa mto, ni vigumu kuyapa dini.

Cha pili: nani alijenga? Mabwawa haya hayaletwi yakiwa tayari. Mfadhili hutoa saruji, nondo na fundi. Mawe, mchanga na mikono ni ya wenyeji, katika vikundi vyao vya mwethya, ambavyo ni desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja kabla hata Krapf hajazaliwa. Mtu aliyebeba mawe kwa miezi haoni kwamba amepewa, bali aona kwamba amejenga. Na mtu aliyejenga si rahisi kudaiwa imani yake kuwa ni bei ya maji.

Kwa vipimo hivi viwili, nionavyo mimi, sehemu kubwa ya kazi ya mabwawa ya Ukambani ni sadaka, hata kama dua iliyoifungua haikuwa yetu. Na kwa vipimo hivyo hivyo baadhi ya visima, viwe vya kanisa au vya jumuiya za Kiislamu, vina ndoana ndani yake. Hapana budi tuwe waadilifu katika hili. Tangu ilipoundwa mwaka 1981, Africa Muslims Agency ya Dakta Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait imechimba visima vingi barani Afrika, na nia njema imo. Lakini kisima kilichozungushiwa ukuta wa msikiti, katika kijiji ambacho jirani asiye Mwislamu anaona haya kuingia, hakitofautiani sana na kile tunachokilaumu.

Na jambo hili sisi ndio tungepaswa kulijua kuliko wengine. Kununua kisima na kukitoa kwa ajili ya Mungu ni sifa ya Sayyidna Uthman bin Affan na kisima cha Ruma huko Madina. Saad bin Ubada alipotaka kumtolea sadaka mamaye aliyefariki, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza kwenye maji. Lugha yetu ina neno "sabili" kwa kitu kinachotolewa bure kwa yeyote apitaye. Nenda kwenye magofu ya Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, utakiona kisima cha Msikiti Mkuu bado kipo. Wazee wetu waliona kwamba msikiti bila maji haukamiliki.

Mfano wa pili tulionao ni wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Katika miaka ya 1930, alipoona shule za misheni zinavuta watoto, hakukaa akalaumu tu. Alianzisha magazeti, Sahifa na kisha Al-Islah, akawahimiza Waislamu wajenge shule zao na wasome elimu ya zama. Aliwajibu wamishonari kwa kazi. Sisi tuliomrithi tumeshika ile sehemu ya kulaumu, tukaiacha ya kujenga.

Kuna na deni jingine ambalo watu wa pwani hulisahau. Maji ya Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 yameletwa Mombasa kwa mabomba, ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu na kuzama katika mawe yake. Na sehemu ya vilima hivyo imo Makueni. Maji ya Baricho yanayonywewa Malindi, Kilifi na Mombasa huvutwa kutoka chini ya mchanga wa Mto Sabaki, na Sabaki si mwingine ila ni ule Athi unaopita Ukambani. Basi nasi pia, bila ya kujua, twanywa kwa mtindo wa Kitui. Mchanga wa mito ukiisha kuzolewa na malori kwenda kujengea majumba, Kitui itakauka kwanza, lakini dhara haitaishia huko. Serikali ya Makueni ililiona hilo ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Wenye mabwawa ya kulinda wana la kusema katika mazungumzo hayo. Sisi tulikuwa na la kusema?

Isitoshe, tangu Katiba ya mwaka 2010 maji safi ni haki ya kila mtu Kenya, na kazi ya kuyafikisha ni ya serikali za kaunti. Mwenye haki yake hana sababu ya kuibadili kwa imani. Kila mahali ambapo serikali inatimiza wajibu wake, chambo hukosa nguvu, kiwe cha maji, cha mchele, au cha ubao wa mawimbini. Anayetaka kweli kuilinda dini ya kijana wa Kilifi au ya Mkamba Mwislamu wa Kitui, na aanze kwa kuidai ahadi hiyo.

Kisha tuje kwetu. Pwani ina kamati za wakfu, ina wafanya biashara wanaotoa zaka kila Ramadhani, na ina misikiti yenye mapato ya nyumba na maduka. Bwawa moja la mchanga halishindi uwezo wa msikiti mmoja wa Ijumaa uliopangwa vizuri. Likijengwa, lijengwe pamoja na wenyeji wenyewe, mahali ambapo hata Mkristo atachota bila ya kuona haya, na lisiwe na kufuli. Mungu akituuliza tulifanya nini jirani alipokuwa na kiu, sidhani kama tutaokoka kwa kujibu kwamba tulimchunguza sana yule aliyempa maji.