Kazi ya Wengi, Jina la Tajiri



Wengi wetu tukisikia habari za kompyuta twaona ni mambo ya maofisini, hayahusu kiwanda wala shamba. Mimi nasema yanatuhusu. Chukueni habari ya OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu.

Ilitokana na StarOffice ya kampuni moja ya Ujerumani, ambayo Sun Microsystems ya Marekani iliinunua mwaka 1999. Mwaka 2000 Sun ikaifungua. Maandishi ya ndani ya programu, ambayo makampuni mengine huyaficha kama siri ya kiwanda, yakawekwa wazi ili kila fundi ayasome, ayarekebishe na kuyagawa. Watu wa nchi nyingi wakaitikia. Hata Kiswahili kilipata fungu lake: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa kwa lugha yetu, wakaiita Jambo OpenOffice.

Lakini tusidanganyane kwamba Sun ilikuwa ikitoa sadaka. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mafundi wake wa mshahara kule Hamburg, hilo tulikiri. Ila na yule wa kujitolea alitakiwa kutia sahihi kwamba haki ya kazi yake ni ya kampuni pia, na kampuni ikaendelea kuuza StarOffice iliyojengwa juu ya kazi hiyo hiyo. Jina nalo lilikuwa la kampuni.

Januari 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle. Wachangiaji hawakuulizwa, kama sisi tusivyoulizwa shamba likiuzwa. Septemba 28 mwaka huo wakatangaza taasisi yao, The Document Foundation, wakaialika Oracle iingie pamoja nao na iwape jina. Jibu lilikuja Oktoba: wajumbe wa baraza la OpenOffice waliokuwa upande wa taasisi wakatakiwa na wenzao wa Oracle wajiuzulu. Basi jina wakaliacha, kazi wakaichukua, wakaiita LibreOffice. Mwaka 2011 walipohitaji mtaji wa Euro 50,000 ili taasisi iandikishwe Ujerumani, watu walizichanga kwa siku nane. Oracle yenyewe ikaachana na biashara ile mwaka huo huo, ikaikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, siyo kwa wale walioiomba.

Wako ndugu watakaosema ulioshinda ni umoja. Umoja ulikuwepo, lakini mimi naona kilichowaokoa ni leseni, karatasi iliyowekwa tangu mwanzo, wakati tajiri bado anacheka nao. Bila karatasi ile wangetoka mikono mitupu pamoja na umoja wao.

Chama chetu cha akiba hapa shambani kilianzia ofisini kwa meneja. Kimeandikishwa kwa jina la kampuni, na muhuri unakaa kwenye droo ya karani wa kampuni. Meneja wa sasa ni mtu mwema, sina neno naye. Nimeomba jambo hili liwe la kwanza kwenye mkutano wa tawi, kabla ya sare na mchango wa mazishi.