Tusitegemee aina moja ya kiazi

Majuzi nilisimama kando ya shamba la jirani yangu huko Kinangop nikakosa la kumwambia. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo na ukungu hauondoki hadi adhuhuri. Mimea ya viazi iliyostawi wiki moja tu awali ilikuwa imegeuka myeusi, kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Karo ya watoto wake ilikuwa ikioza mle shambani.

Adui huyo ni bakajani chelewa, maradhi yaletwayo na kiumbe kidogo mno kiitwacho Phytophthora infestans. Hustawi penye baridi na unyevu, na viini vyake hupeperushwa na upepo. Nyanya nazo haziponi, kwa kuwa ni jamaa ya kiazi.

Mwalimu wa historia atawakumbusha wanafunzi yaliyoifika Ireland kuanzia mwaka 1845. Maskini wa huko waliishi kwa viazi, na wengi walipanda aina moja, Lumper. Ugonjwa ulipoingia haukukuta pingamizi. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine kama hao wakaihama nchi.

Wahenga walinena: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Je, sisi tumetia? Nchini Kenya, kiazi ni cha pili baada ya mahindi miongoni mwa mazao ya chakula, na aina ya Shangi ndiyo iliyotawala mashamba na masoko. Mkulima huipendea kukomaa haraka, na mpishi kuiva upesi. Hayo siyapingi. Lakini Shangi hushambuliwa kwa urahisi na baka, na wakulima wengi hupanda mbegu walizobakiza katika mavuno yaliyopita, pengine wakipanda na ugonjwa humo humo.

Wapo watakaosema kwamba dawa zipo. Naam, zipo, ila nyingi hukinga tu, haziliponyi jani lililokwisha kuungua. Mkulima asiye na fedha huzinunua baada ya kuona madoa, wakati maji yamekwisha kumwagika.

Naonelea serikali za kaunti zihakikishe kuwa mbegu safi zinamfikia mkulima kwa bei anayoimudu, na aina zinazostahimili baka zitafutiwe soko. Nao walimu walitumie shamba la shule: wanafunzi wapande aina mbili tatu kandokando na kuzilinganisha, wang'oe masalia, wala wasipande nyanya mahali palipotoka viazi.

Maafa ya Ireland wanayasoma darasani. Wasije wakayakuta nyumbani.