MAUMIVU YA JICHO SI YA KUVUMILIWA

Askari hufunzwa kuvumilia. Hutembea na malengelenge miguuni, hulala juu ya ardhi tupu, wala halalamiki. Sifa hiyo ni njema nasi twaiheshimu. Lakini yapo maumivu ambayo kuyavumilia si ushujaa bali ni hasara, nayo ni maumivu ya jicho.

Katika udongo, vumbi, visima, mabwawa na hata maji ya bomba huishi kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, kiitwacho akanthamiba, mmoja wa jamii ya amiba. Hahitaji mwili wa mtu ili aishi. Mazingira yakimwia magumu hujifungia ndani ya ganda, na klorini itiwayo katika maji ya bomba haitoshi kumwua. Kwa kawaida hatudhuru. Bali jicho likikwaruzwa na mchanga au jani, hupata mlango wa kuingia katika konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, akauharibu siku hata siku.

Ugonjwa huu ni wa nadra, wala hatuandiki ili kutia hofu. Waganga wa Uingereza na Marekani walianza kuueleza katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 ilidhihirika huko Marekani kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa watu wavaao lenzi juu ya mboni, hasa waliojitengenezea maji ya kuzioshea kwa vidonge vya chumvi. Lakini huko India wengi wa wagonjwa hawavai lenzi: ni watu walioingiwa na udongo au maji machafu machoni. Maisha ya askari aliye doria yafanana zaidi na ya hao.

Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, huukimbia mwanga na kuona ukungu. Mara nyingi maumivu huwa makali kupita jinsi jicho linavyoonekana, hata wenzake wakadhani mgonjwa anajisingizia. Ugonjwa ukitambuliwa mapema, matone maalumu huweza kuuponya, ingawa tiba huchukua miezi mingi. Ukicheleweshwa, konea hubaki na kovu, na mtu aweza kupofuka.

Basi kila askari na ashike haya. Asinawe jicho lililoumia kwa maji ya dimbwi wala ya mtaro. Atumie maji yaliyochemshwa, yakapoa ndani ya chombo kilichofunikwa. Ila akiingiwa na chokaa au asidi, aoshe papo hapo kwa maji masafi kadiri yapatikanavyo. Asitie matone aliyoazimwa na mwenzake, kwa maana yale yenye steroidi hupunguza wekundu huku yakiuacha ugonjwa uendelee. Avaaye lenzi asiguse maji ya bomba nazo, wala asiogelee au kulala nazo.

Kwenu makamanda, twasema hivi: askari alalamikaye jicho apelekwe kwa tabibu siku ile ile, na jicho lisilopata nafuu lipelekwe kwa bingwa wa macho bila kungoja. Bunduki ikiharibika hupelekwa kwa fundi, na nyingine hutolewa ghalani. Jicho halina akiba ghalani.