Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wazee wetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema hivyo kwa kutusuta. Leo tunapenda kuzungumzia mzigo usiobebwa kichwani wala begani, bali umo ndani ya mgongo wenyewe: maumivu ya ndugu zetu waliopasuliwa zamani ili kunyooshwa uti wa mgongo uliopinda.

Kupinda huko kwa uti kwenda upande huwapata watu wawili au watatu katika kila mia, na mara nyingi hujitokeza katika umri wa kubalehe. Wengi hawahitaji kisu. Waliopinda sana hufungwa fimbo za chuma, na pingili zikaunganishwa kwa vipande vya mfupa hata zikawa kitu kimoja. Fimbo za namna hiyo zilienezwa na Daktari Paul Harrington wa Houston, Marekani, aliyetoa taarifa yake mwaka 1962. Hapa nchini kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ni tiba njema.

Lakini mgongo ulionyooka si lazima uwe mgongo usiouma. Pingili zilizofungwa hazipindi tena. Kwa hiyo zilizo chini yake hubeba kazi ya zote, nazo huweza kuchakaa mapema. Ndiyo maana aliyepasuliwa akiwa kijana aweza kuanza kuumwa baada ya miaka mingi, wakati majirani wamekwisha kulisahau kovu lake.

Kazi za pwani yetu ni kazi za kuinama. Mama wa Msimbati huinama maji yanapokupwa, akitafuta pweza. Mkulima wa bonde la Ruvuma huinama katika mpunga, na msimu wa korosho ukifika sote huinama kuziokota. Asiyeweza kuinama huitwa mvivu, au huambiwa amerogwa. Maneno hayo ni dhuluma, nasi tunayakemea.

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya Dar es Salaam imekuwa nyepesi. Hata hivyo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na wenzetu wa visiwani huanza kwanza kwa mashua. Mgonjwa wa mgongo hawezi safari hiyo kila anapoumwa. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya mambo mawili. Kwanza, kila aliyepasuliwa arudi kwao na picha zake na karatasi inayoeleza alichofanyiwa. Pili, Hospitali ya Ligula na ile ya Kanda ya Kusini, Mitengo, ziwatengee siku maalumu, na wataalamu wa mazoezi ya viungo wafike hadi visiwani. Waajiri nao waisome Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayogusa pia haki ya kazi.

Kwa wagonjwa tunasema: msilale kutwa. Kutembea na mazoezi mliyoelekezwa huwapa misuli nguvu. Msimeze dawa za maumivu kila siku bila ushauri, kwani huweza kudhuru tumbo na figo. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Chuma kilichomo mgongoni mwa ndugu yetu hakionekani kwa macho. Tusingoje aanguke ndipo tumsadiki.